Naomba ushauri: programu ya kudaunlodi video inakokota sana

Wakuu habari za jioni, niko Kigoma hapa Mwanga, nawawekea madogo wa fomu foo video za masomo kwenye flashi, sasa hii programu ya kudaunlodi inaanza na MB 2 kwa sekunde halafu ghafla inashuka mpaka KB 60, na video ileile nikiifungua kwenye brauza inacheza 1080p bila kukwama, so bando sio tatizo. Nimeiapdeti, nimezima antivairasi, wapi! Ikifika asilimia 99 inaganda kabisa, taa ya diski inawaka tu, hapo nahisi ndo inaunganisha picha na sauti maana HDD yenyewe ya zamani. Jamaa kaniambia nihamie yt-dlp (programu nyingine ya kudaunlodi, unaiendesha kwa kuandika amri) niweke -N 4 ivute vipande vinne kwa mpigo, mwingine anasema tovuti ndo inabana spidi. Nianzie wapi? Mitihani iko karibu na madogo wanategemea hizi video.