Mrejesho: ombi la malipo kujirudia kwenye mfumo wa ndani

Wakuu, niliuliza kwa nini ombi moja la malipo linaingia mara mbili. Kumbe si kitufe kubonyezwa mara mbili. Seva ikichelewa kupita sekunde 30, programu huona imeshindwa na kutuma upya, ilhali ombi la kwanza limeshaandikwa.

Dawa: fomu ipewe namba ya kipekee inapofunguliwa, si inapotumwa (hapo ndipo wengi hukosea), na hifadhidata ikatae namba iliyojirudia. Kuzima kitufe peke yake ni kupaka rangi tu. Kwenye rekodi za zamani, sehemu ya namba hiyo iachwe tupu (NULL). Hifadhidata za PostgreSQL na MySQL huruhusu tupu nyingi, lakini ukizijaza sifuri zote, katazo la namba kujirudia halitawekeka. Nakala za maombi yaliyojirudia zilizokwisha kulipwa zisifutwe, ziwekewe alama, mkaguzi atazitaka.