Huyo mnayemlilia ni nyanya yangu, si yake!

Wadau, leo nimewaka na sitajificha.

Mwezi uliopita niliandika kuhusu marehemu nyanya yangu, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye, Kisumu, hadi magoti yakamkatalia. Alivyoteremka ufuoni Dunga alfajiri siku za giza, maana omena huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Alivyozianika juu ya nyavu, na mbio za kuzikusanya mawingu yakitanda. Nilimsumbua mamangu kwa simu hadi akanikumbusha ile gorogoro, mkebe wa kupimia, iliyobonyea, wateja wakilalamika inawapunja.

Juzi binamu yangu wa Kondele akanitumia ukurasa mmoja mkubwa, wafuasi kibao. Habari ni ile ile, neno kwa neno. Hata gorogoro iliyobonyea imo! Jina langu halimo. Picha niliyoipiga mwenyewe imekatwa pale chini nilipoandika jina. Kwenye maoni watu wanampa mwenye ukurasa pole kwa kufiwa, naye bila haya anajibu, "Asanteni, alikuwa nguzo ya familia yetu." Familia ipi, jameni? Huyu hata harufu ya omena mbichi haijui.

Nikamwandikia faraghani, kwa adabu zote. Akanijibu, "Dadangu, shukuru nimekupa umaarufu." Umaarufu wa mtu asiyetajwa? Nilipouliza hilo akanifungia.

Na nyinyi mnaopenda kusema ukishaweka kitu mtandaoni ni cha wote, mmeisoma wapi hiyo? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ukishaandika tu kazi ni yako, hata kama hujaisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, na haki hiyo inabaki hadi miaka 50 baada ya kifo chako. Marekebisho ya 2019 yakaongeza kwamba unaweza kumpelekea mtoa huduma wa intaneti ilani aiondoe, na amewekewa saa, si miezi. Yangu nimeshaiandika, picha asili ikiwa kamili na jina langu.

Pesa za matangazo anazovuna pale tutazizungumza baadaye. Mamangu aliisoma kwa huyo mwizi kabla sijamweleza, akanipigia: "Huyu kijana alimjulia wapi mama?" Nilikosa la kumjibu.

Aliyepiga picha za skrini za yale maoni anitumie leo leo. Ameanza kuyafuta.