Oppenheimer na Dune: Part Two sebuleni: lawama ni za filamu au za TV?

Mtazamaji_Usiku

Habari zenu wakuu. Nimemaliza Oppenheimer na Dune: Part Two ndani ya wikiendi moja. Nitoe maoni yangu, mnisahihishe.

Oppenheimer ni saa tatu lakini hazichoshi. Cillian Murphy anabeba kila kitu usoni, na Robert Downey Jr. kama Strauss, mpinzani wa Oppenheimer, ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Tatizo ni maneno, yanazama. Watu wananong'ona huku muziki unapanda, unaongeza sauti, dakika moja baadaye kishindo kinatikisa dirisha na unakimbilia remoti.

Dune ina hadithi nzito na jangwa zuri, ila picha ilikuwa laini mno, kama tamthilia ya mchana. Mchanga ukaonekana umemwagwa studio. Matukio ya ndani yalikuwa giza tupu. Kuna pambano la uwanjani ambapo rangi zinapotea kabisa, nyeupe na nyeusi tu. Na ile mikanda myeusi juu na chini inakula kioo.

Vifaa: TV ya 4K inchi 55, kijiti cha kustrimu kwenye HDMI, sabufa ya spika mbili kwa waya wa pini ya 3.5 mm kutoka tundu la earphone. Nizilaumu filamu au TV?

Fundi_Kioo

Mkuu, ule ulaini wa tamthilia si Dune, ni TV yako. Filamu karibu zote huonyeshwa kwa fremu (picha tuli) 24 kwa sekunde. TV huja kutoka kiwandani ikiwa imewashiwa kitu cha kulainisha mwendo: inachukua fremu mbili, inakisia kilichopo katikati, inatengeneza fremu za uongo na kuzipachika. Kwa mpira wa miguu inasaidia. Kwa filamu inaua, kwa sababu macho yetu yameshazoea fremu 24 kama alama ya sinema, na picha laini kama alama ya habari na tamthilia.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta tukio ambalo mtu anageuza kichwa mbele ya ukuta wenye nakshi, au anapita nyuma ya nondo za dirisha. Angalia ukingo wa shavu na nywele: utaona kama utando wa maji unatetemeka kumzunguka. Vidole vikienda haraka vinakatika na kuungana. Hapo ndipo TV imekisia vibaya.

Kuzima: kwenye Samsung ingia mipangilio ya picha, sehemu ya wataalamu, tafuta "Picture Clarity Settings" (za zamani ziliita "Auto Motion Plus"). LG ni "TruMotion". Sony ni "Motionflow". Zima kabisa kwanza. Kama kamera ikipita taratibu kwenye mandhari unaona inarukaruka, chagua mpangilio wa mtumiaji. Utakuta vidhibiti viwili, kimoja cha mruko na kingine cha ukungu. Cha mruko weka 1 au 2 kati ya 10, usizidi 3. Cha ukungu hakina madhara makubwa. Wenye OLED (kioo ambacho kila pikseli hujiwakia yenyewe) ndio wanaouhisi mruko zaidi, kwa sababu pikseli zake hubadilika upesi mno na kila fremu inasimama peke yake bila kuachia kivuli.

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama. TV nyingi huweka kumbukumbu ya mipangilio kwa kila tundu la HDMI na kwa kila aina ya picha. Unazima leo ukiwa na picha ya kawaida, kesho unaweka filamu ya HDR (picha yenye mwanga na vivuli vipana kuliko kawaida) na ulaini umerudi, unadhani TV ina wazimu. Weka kwanza filamu ya HDR icheze ndipo uzime tena, kisha Dolby Vision, aina nyingine ya HDR, vilevile kama ipo. TV za kuanzia mwaka 2020 nyingi zina "Filmmaker Mode", ambayo inazima takataka zote hizi kwa mkupuo mmoja. Ukiiona, itumie.

Sauti_ya_Pwani

Kwenye sauti lawama zigawanywe, ndugu yangu, ila nina wasiwasi mkubwa na huo waya wako.

Kwanza filamu yenyewe. Nolan, mwongozaji wa Oppenheimer, hapendi kumrudisha mwigizaji studio akarekodi upya maneno yake. Anataka sauti ya siku ileile ya kupiga picha. Na kamera za IMAX za mkanda, zile za picha kubwa mno, zinaunguruma. Juu ya hapo, sauti imechanganywa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, ambako kila chaneli ya mbele imepimwa kwa desibeli 85 na vilele vinafika 105. Tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko ni kubwa kwa makusudi. Sebuleni unasikiliza chini sana ya hapo, kwa hiyo mnong'ono unaangukia chini ya kelele ya feni na friji. Hilo halina dawa kamili, linapunguzwa tu.

Pili, maneno ya filamu hukaa kwenye chaneli ya katikati. Wewe huna spika ya katikati, una kushoto na kulia. TV inabidi ichukue ile ya katikati, iipunguze desibeli 3, igawe pande zote mbili. Muziki na mazingira nao wamejaa hapohapo. Nenda kwenye menyu ya lugha ya filamu: ukiona Kiingereza kimeandikwa mara mbili, kimoja na 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa), chagua kile kisicho na 5.1. Na kwenye kijiti weka sauti itoke stereo (chaneli mbili) au PCM (sauti isiyobanwa). Mtu mwenye seti kamili ya 5.1 afanye kinyume: aiache 5.1, apandishe spika ya katikati desibeli 2 hadi 3.

Sasa waya. Pini ya 3.5 mm isipoingia hadi mwisho, au ardhi yake (waya wa pamoja wa kushoto na kulia) ikiwa imekatika karibu na shingo, sabufa hupata tofauti kati ya kushoto na kulia badala ya kila upande peke yake. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe, na kilicho sawa ndiyo maneno! Unabaki na muziki, mwangwi na upepo, na sauti ya mtu inasikika kama yuko chini ya kisima. Jipime hivi: ingia kwenye mizani ya sauti, sukuma yote kushoto. Kama maneno yanarudi ghafla na kuwa wazi, ni ardhi. Chomoa pini, ifute, isukume hadi isikike "tik", na ikiendelea badilisha waya.

Halafu sabufa. Nyingi tunazouziwa zina besi ya kuwasha sherehe. Herufi kama s, t, k na f, zinazotofautisha neno na neno, ziko juu, takriban kilohezi 2 hadi 8, na besi ikizidi inazifunika. Punguza kitasa cha besi hadi robo, trebo iwe katikati au juu kidogo. Toa boksi kwenye kona ya ukuta, hata nusu mita inatosha, maana kona inaongeza mngurumo. Spika ndogo zielekee masikio yako, zisiwe sakafuni nyuma ya pazia. Kama TV ina hali ya usiku, iwashe: inainua minong'ono na kukandamiza mishindo. Raha ya mlipuko inapungua, lakini remoti utaiacha mezani.

Kipimo kingine ninachokipenda: weka filamu ya lugha unayoielewa hata usingizini, kwa mfano Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Kiswahili kikikupotea nacho, tatizo liko kwenye vifaa. Kikisikika vizuri na Oppenheimer ikapotea, basi ni Nolan na Kiingereza cha haraka, washa maandishi ya chini bila aibu.

Bibi_Filamu

Wanangu mmesema vizuri. Mimi nitetee filamu kidogo, kwa sababu si kila kinachoshangaza ni hitilafu.

Lile pambano la uwanjani kwenye Dune liko nyeupe na nyeusi kwa makusudi. Ni sayari ya Giedi Prime, yenye jua jeusi, na mpiga picha Greig Fraser alitumia kamera zilizobadilishwa zinase mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Ndiyo maana ngozi inaonekana kama nta na macho kama ya mfu. Mhusika akiingia ndani kwenye taa za kawaida, rangi zinarudi. Kwangu hilo ndilo tukio bora la filamu nzima, linakuambia watu wale ni wa namna gani bila mtu kufungua mdomo. Usiguse mipangilio ya rangi kwa ajili yake.

Oppenheimer nayo: vipande visivyo na rangi vinafuata upande wa Strauss, vya rangi vinafuata upande wa Oppenheimer mwenyewe. Mkanda wa nyeupe na nyeusi wa milimita 65 haukuwepo, Kodak ilibidi watengeneze kwa ajili ya filamu hii. Ukishajua mpangilio huo, ile saa ya mwisho ya mahojiano, ambayo wengi wanalalamika ni maneno matupu, inafunguka.

Mikanda myeusi nayo iacheni. Dune ya nyumbani ina uwiano wa 2.39 kwa 1. Kwenye kioo cha 4K chenye mistari 2160, picha inatumia kama 1607, iliyobaki ni nyeusi juu na chini. Ukibonyeza zuumu kujaza kioo unakata pembeni karibu robo ya upana, na kwenye filamu kama hii mtu wa pili katika mazungumzo mara nyingi amesimama hukohuko pembeni.

Na ulaini pia usilaumiwe kwa TV kila mara. The Hobbit ya 2012 ilipigwa kwa fremu 48, na Avatar: The Way of Water ya 2022 ina vipande vya 48 kwenye baadhi ya kumbi. Binafsi sikubaliani na uamuzi ule hata kidogo, ila ni uamuzi wa mwongozaji.

Fundi_Kioo

Bibi umenikumbusha giza, nilipitiliza. Matukio ya ndani kuwa giza tupu, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Zima kuokoa umeme na kihisi cha mwanga wa chumba. Hivyo viwili peke yake hushusha mwanga wa kioo sana.

Kisha kiwango cha weusi cha HDMI. Video za filamu huhesabu nyeusi kuanzia 16 na nyeupe 235. Kijiti kikilazimishwa kutuma 0 hadi 255 wakati TV inasubiri 16, kila kivuli cha chini ya 16 kinakuwa lami. Makoti, nywele na pembe za chumba vinaungana kuwa kitu kimoja. Ikiwa kinyume chake, weusi unakuwa kijivu kama majivu. Weka pande zote mbili otomatiki, au zote finyu (16 hadi 235).

La tatu ni HDR kwenye TV ya bei nafuu. Filamu nyingi zimeandaliwa kwa kioo cha niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1000, TV ya kawaida inatoa kama 300. Lazima ibane, na ikibana vibaya vivuli vinakwenda. Jaribu kuwasha ubanaji wa mwanga unaobadilika ("dynamic tone mapping"), na ukishindwa zima HDR kwenye kijiti. Picha ya kawaida iliyotulia ni bora kuliko HDR ya kiza. Taa ndogo nyuma ya TV inasaidia, taa inayopiga kioo moja kwa moja inaharibu.

Vijumba vijumba kwenye moshi na anga la usiku ni bando, si TV. Netflix wanashauri Mbps 15 kwa 4K na 5 kwa 1080p, na 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Filamu ya saa tatu piga hesabu mapema.

Mtazamaji_Usiku

Asanteni sana. Mizani kushoto, maneno yamerudi! Ni waya kweli. Ulaini nao umeondoka, ila sasa kamera ikipita jangwani inarukaruka bila mpangilio, hata nikiweka 2. Kioo si OLED.

Fundi_Kioo

Hicho ni kijiti kinatoa herzi 60 (picha 60 kwa sekunde) muda wote. Fremu 24 haziingii sawasawa kwenye 60, hivyo moja inaonyeshwa mara 3, inayofuata mara 2, na jicho linaliona hilo kamera ikitambaa. Ingia mipangilio ya kijiti, sehemu ya video, washa ulinganishaji wa fremu na filamu. Kioo kitakuwa cheusi sekunde moja au mbili filamu inapoanza, ni kawaida, kinahamia herzi 24. Baadhi ya programu hazitii mpangilio huo. Kwa hizo, tumia programu iliyomo ndani ya TV yenyewe badala ya kijiti.