Damu 9.2 na mimba ya miezi sita: FEFO, mlonge, rozela au chakula? Tulinganishe

Kinu_na_Mchi (Masasi)
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita. Wiki iliyopita kliniki walimpima wingi wa damu wakakuta 9.2, wakampa vile vidonge vyekundu vya FEFO (madini ya chuma na foliki, vya kuongeza damu), kimoja kila siku. Kameza siku nne, kaacha. Anasema vinamtapisha, na choo kimekuwa kigumu halafu cheusi kama lami, akaogopa. Hakuna aliyemweleza kitu. Foleni ilikuwa hadi nje, kapewa pakiti, "haya, mwingine".

Sasa nyumbani kila mtu ni mganga. Mama mkwe wake analeta jagi zima la rozela kila asubuhi. Jirani kampa unga wa mlonge, kakopo ka elfu tatu. Kaka yetu anasema huo wote upuuzi, ale maini na kisamvu. Na kuna mzee mnadani anauza mizizi iliyosagwa, anasema siku saba tu damu inajaa. Vyote hatuwezi kumpa kwa pamoja. Ingekuwa nyinyi mngeshika kipi?

Baharia_Mstaafu (Mikindani)
Maini na supu ya pweza. Mke wangu kanizalia watano, hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Binti_Newala
Baharia, hukubeba wewe mimba na wala hukuzaa wewe. Tumuulize mwenyewe kama alikuwa anavimeza ukiwa baharini 😀

Shamba_la_Ufuta (Nachingwea)
Mimi ni mtu wa mlonge, sifichi. Mimba yangu ya pili nilikuwa naweka vijiko viwili vya chai kwenye uji wa mtama asubuhi, na nguvu nilikuwa naziona. Majani nachuma mwenyewe, naanika kivulini yasipoteze rangi, natwanga, nachekecha. Ule wa kwenye vikopo sokoni siuamini, mwingine una rangi ya nyasi zilizochomwa jua. Rozela pia nzuri. Ila mizizi ya mnadani achaneni nayo.

Zamu_ya_Usiku (Lindi)
Nimekaa wodi ya wazazi miaka kumi na moja, naomba nitumie nafasi kidogo.

Kwanza hiyo namba. Kwa mjamzito chini ya 11 tunaita upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali, hapo habari ya chakula tunaiweka pembeni, ni hospitali. 9.2 si ya kupiga mayowe, lakini mbele kuna uzazi, na kwenye uzazi damu inamwagika. Ana miezi mitatu ya kuweka akiba.

Pili, mlonge. Dada wa Nachingwea sikupingi, majani ya mlonge ni mboga nzuri. Ila tupige hesabu. Kiwango kinachotajwa sana ni miligramu 28 za chuma kwenye gramu 100 za unga mkavu. Vijiko viwili vya chai havizidi sana gramu 5. Ukizidisha unapata miligramu 1.4. Kidonge kimoja cha FEFO kina chuma cha kama miligramu 60. Hata tukisema mwili unaacha kingi cha kidonge, na kile cha majani nacho unakiacha kingi. Kwa hiyo mlonge ni mboga, uhesabuni kama mboga. Mkimpa, mpeni majani peke yake. Mizizi na magome ya mlonge mjamzito hagusi, yanaweza kuamsha mji wa mimba.

Rozela watu wanaipenda kwa sababu ni nyekundu. Kwetu kila chekundu kinaitwa damu: rozela, bitiruti, hadi soda. Rangi haina chuma. Na jagi zima kila siku kwa mjamzito ni nyingi mno, hasa akiinywa pamoja na chakula, maana vitu vilivyomo ndani yake vinaweza kushika chuma cha chakula kisiingie mwilini. Mama mkwe mshukuruni, lakini jagi lipungue liwe glasi ya mara mojamoja.

Kidonge sasa. Choo cheusi ni kawaida, ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu ndicho kinachofanya wengi watupe vidonge shimoni halafu kliniki waseme "nameza". Ameze usiku anapokwenda kulala, baada ya kula kidogo. Kwenye tumbo tupu ndiyo kinafyonzwa vizuri zaidi, lakini kilichomezwa na chakula ni bora kuliko kilichotapikwa. Asimezee chai wala maziwa, aache kama saa mbili kati yake. Amezee maji ya embe, chungwa au ubuyu, vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Kwa choo kigumu maji mengi, papai, mbaazi. Vikimshinda kabisa arudi kliniki, wanaweza kumbadilishia.

Na msiende duka la dawa kumnunulia foliki peke yake, zile za miligramu 5. Zinapunguza nguvu ya SP anayomeza kliniki kujikinga na malaria.

Korosho_Daraja_la_Kwanza (Tandahimba)
Nesi, swali la kikwetu. Msimu huu mabibo yanaoza chini ya mikorosho, hata mbuzi wameyachoka. Nasikia yana vitamini C kuliko chungwa mara nyingi tu. Kwa nini mjamzito asimezee kidonge maji ya mabibo badala ya kununua machungwa?

Zamu_ya_Usiku (Lindi)
Ni kweli yanayo, tena yanalipita chungwa mbali. Tatizo ni ule ukakasi unaokukaba koo. Ukakasi ule ni tanini, ndugu yake na ya kwenye chai, inazuia chuma kuingia. Bibo ale kama tunda, mchana. Kumezea kidonge tafuteni embe. Na nikisema maji ya mabibo namaanisha ya kukamua leo, si ya juzi yaliyoanza kuchemka yenyewe kwenye dumu. Tunajuana.

Korosho_Daraja_la_Kwanza (Tandahimba)
Umenijuaje 😂

Shamba_la_Ufuta (Nachingwea)
Hesabu nimeikubali, ingawa imeniuma. Ila na nyie wa hospitali semeni ukweli, mngemweleza huyo binti kuhusu choo cheusi dakika mbili tu, asingeacha. Sisi wa mlonge tunasikilizwa kwa sababu tunakaa na mtu mkekani tunamweleza.

Zamu_ya_Usiku (Lindi)
Hilo sina la kujitetea.

Mpishi_wa_Mtaani (Mtwara mjini)
Tumesahau sufuria. Kaka yenu hakukosea sana kwenye kisamvu, ila wengi wanakipika kwa namna ambayo chuma hakimfikii mlaji. Mimi nafanya hivi. Majani machanga, natwanga kinuni mpaka yalainike kabisa, nachemsha chungu kikiwa wazi ile hewa yake itoke (muhogo una sumu, na majani yana sumu hiyohiyo, kutwanga na kuchemsha ndiyo kuiondoa). Yakiiva naweka dagaa wa Kilwa waliooshwa, kiganja kizima, kisha korosho za kusaga na tui. Mwisho kwenye sahani nakamua limau, si jikoni, moto unaua vitamini C. Dagaa pale si kwa ajili ya ladha tu. Samaki na nyama vina chuma kinachoingia mwilini kirahisi, na vinakivuta hata cha majani.

Na chai ya rangi na chakula, naomba, mwache huyo binti. Huku kwetu mtu anakula ugali na kisamvu, anashushia kikombe cha chai. Kaharibu kila kitu.

Binti_Newala
Kinu, swali moja. Anakula udongo?

Kinu_na_Mchi (Masasi)
Hapana, hajawahi.

Zamu_ya_Usiku (Lindi)
Swali zuri hilo, nililisahau. Muulizeni vizuri, bila kumsema. Pia muulize kama alipimwa malaria, na kama amepewa dawa ya minyoo. Wazee waliita safura, mtu anapauka na kuvimba uso, na mdudu wake ni mnyoo anayenyonya damu utumboni. Unaweza kumlisha maini mwaka mzima, unamlishia minyoo.

Kinu_na_Mchi (Masasi)
Wadau. Jana nilikuwa namsaidia kufua. Nimefungua pindo la khanga yake nikidhani kafunga hela. Vipande vitatu vya pemba, ule udongo wa kula, vimelambwa vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nilikaa chini kwenye ndoo. Kumuuliza, akalia. Anakula tangu mwezi wa tatu wa mimba, kila siku, ananunua gengeni mafungu ya mia mbili. Anasema akisikia harufu ya mvua inapogusa vumbi, mate yanamtoka.

Binti_Newala
Usimgombeze. Mimi nilikula mimba zote mbili, ndiyo maana niliuliza. Damu ikipungua hamu ndiyo inazidi, na udongo nao unazuia chuma, ni mduara. Mimi ilikatika yenyewe damu ilipopanda. Siku zile nilitafuna ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha na chumvi kidogo, angalau mdomo ulikuwa na kazi.

Baharia_Mstaafu (Mikindani)
Nimemuuliza mke wangu. Alikuwa anameza. Zote tano.

Binti_Newala
😂😂😂

Kinu_na_Mchi (Masasi)
Narudi baada ya wiki nne kama nilivyoahidi kwa walioniandikia pembeni. Tulirudi kliniki, safari hii tulikuta nesi mwenye muda. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, dawa ya minyoo alikuwa hajapewa, kapewa. Kidonge anameza saa tatu usiku na maji ya embe, kichefuchefu kipo lakini hatapiki. Kisamvu cha dagaa mara tatu kwa wiki, maini ya kuku Jumapili tukipata. Mlonge tunautia kwenye mchuzi wa mbaazi kama mboga tu. Ya mzee wa mnadani hatukununua. Udongo hajaacha kabisa, anasema siku nyingine anapita genge akiangalia upande wa pili.

Jana wamempima: 10.3.

Jagi la rozela bado linakuja kila asubuhi. Analinywa kaka yetu.