Gesi ya friji mbona inapanda hivi? Mafundi wa Mbeya nisaidieni

Mama Mtindi, Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Nauza maziwa na mtindi. Friji langu la dukani limejazwa gesi mara ya pili mwaka huu, na fundi anasema mtungi umepanda tena. Juni baridi yetu inanisaidia, lakini Oktoba maziwa yanachacha kabla ya saa sita mchana. Bei inapandishwa na nini?

Fundi wa Mwanjelwa
Shikamoo mama. Soma kibandiko nyuma ya friji. Kitakuambia aina ya gesi. R22, aina ya zamani, inaondolewa sokoni kwa makusudi kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi la R22 kwa asilimia 35 ifikapo 2020, na 67.5 ifikapo 2025. Mzigo unapungua, friji za zamani bado zipo. Aina nyingine, R134a, haigusi ozoni, ila inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dayoksaidi, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaibana. Weka juu yake bei ya dola, meli, na lori la kupanda mlima Kitonga.

Lakini mama, kinachoniuma ni hiki: gesi haiungui kama petroli, inazunguka humo humo. Kujaza mara mbili maana yake inavuja. Fundi atafute tundu kwa povu la sabuni, achomelee, avute hewa kwa pampu, ndipo ajaze.

Mama Mtindi, Uyole
Marahaba mwanangu. Ni R134a. Sabuni hakuna aliyewahi kupaka.

Kijana wa Mafinga
Mama, ukinunua jipya tafuta la R600a, aina nyingine ya gesi, linatumia gesi kidogo sana. Ila inashika moto, usimpe fundi wa kubahatisha.