Mrejesho: Wapangaji wa jirani na muziki wa usiku kucha

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri kuhusu wapangaji wa nyumba ya jirani hapa Tabata, Dar es Salaam, waliokuwa wakifungulia spika mpaka alfajiri na mama yangu mgonjwa hapati usingizi. Wengine mlisema polisi, wengine mwenye nyumba. Nilianza na mwenye nyumba.

Yeye anaishi Tanga. Akaniambia ameshachukua kodi ya miezi sita, hawezi kuwatoa. Nikamjibu sitaki watolewe, nataka tulale. Akawapigia, wakatulia, lakini Ijumaa wakarudia.

Nikaenda serikali ya mtaa. Mtendaji akatuita wote ofisini, akawaeleza kwamba kelele zina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanaweza kuletewa malalamiko. Vijana wakabisha: wanalipa kodi yao, kwao ni kwao. Mama, niliyekwenda naye, akawaambia taratibu, "Wanangu, usiku ndipo kifua kinanibana. Nikisikia ule mdundo nahisi nakufa." Wakanyamaza. Mkubwa wao akasema, "Shikamoo mama, tusamehe, hatukujua." Kwa kweli sheria ilisaidia, ila yaliyowagusa ni maneno ya mama.

Tukaandikiana: spika itoke kwenye ukuta wetu, muziki uzimwe saa nne usiku, na wakiwa na shughuli watuarifu mapema. Nakala yangu ina mhuri wa mtaa.

Mama sasa analala. Mwenye nyumba naye ameahidi kuweka kipengele cha kelele kwenye mkataba ujao. Asanteni sana.