Samurai: nimehamishia springi juu ya ekseli, sasa propela inatetemeka

fundi_wa_uani:
Habari za saa hizi wakuu. Nina Suzuki Samurai, ile ya springi mbele na nyuma, haina koili hata moja. Shamba liko juu huko Mgeta na mvua zikianza barabara inageuka mfereji, difu, lile boga la gia katikati ya ekseli, ilikuwa inalima katikati kama jembe. Kiwandani ekseli imekaa juu ya springi, mimi nikaona nigeuze, springi ndo zikae juu. Nikanunua mashine ndogo ya kuchomelea, nikakata vikalio vipya vya springi kwa bati la mm 6, nikavishika kwa nukta nukta tu nikafunga. Imepanda inchi 5 hivi, tairi za inchi 31 zinazunguka bila kugusa madigadi. Furaha imeishia barabarani, ikifika 50 nyuma kote kunatetemeka mpaka kioo cha katikati kinacheza. Na nilijitahidi jamani, pua ya difu nimeinua iangalie transfa (ile gia boksi ya 4x4) moja kwa moja ili propela, ile shafti ndefu kati yao, isikunjike. Ni balansi au kros, zile jointi za ncha za propela, zimekufa? Halafu nikikata kona kwenye mashimo mbele kuna kitu kinakwaruza.

tope_la_masika:
Uza hiyo toroli ununue Land Cruiser mkonga 😂

Mzee wa Grainda:
Subiri kwanza. Umeingia barabarani na nukta za weldingi? Ekseli ikijizungusha ukiwa 50 propela inachomoka na wewe unaenda nayo mtaroni. Paki hiyo gari.

Kros zako nzima. Kosa ni hapo unapojisifia, kuinua pua ya difu. Propela ya kros moja kila upande inataka pembe ya juu na ya chini zilingane, yaani shafti ya transfa na pua ya difu ziwe sambamba, kros moja ikileta mtikisiko nyingine inaufuta. Kuelekeza difu kwenye transfa ni kwa propela zenye kros mbili upande wa transfa, na yako sio hiyo. Wengi wanaingia hapo hapo kwa sababu kwa macho inaonekana imenyooka vizuri kabisa.

Rudisha gari chini, matairi yote manne yabebe uzito wake, usipime ikiwa juu ya jeki maana ekseli ikining'inia pembe unazoziona ni za uongo. Chukua pimamaji ya kwenye simu, weka kwenye uso wa flenji ya transfa, pale propela inapofungwa, kisha flenji ya difu. Difu iache chini kidogo, digrii 1 au 2, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi inajikunja na pua inapanda yenyewe. Ukiridhika shika nukta, pima tena, ndo ujaze. Kabla ya kujaza toa betri, mwaga oili ya difu, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Choma vipande vifupi kwa kupokezana kushoto na kulia, acha ipoe, ukimwaga moto wote sehemu moja ekseli inapinda. Rodi za kuchomelea za 7018 ziwe kavu, zilizolala wazi mvua nzima usizitumie hapo. Na springi zenyewe hata cheche usiziguse, ni chuma kilichokomazwa kwa moto, ukichoma kinakatika.

nakuru_4x4:
Boss, hiyo ya kukwaruza ni ile rodi inatoka steringi boksi kwenda kwa tairi. Springi zikienda juu zinakutana na hiyo rodi njiani, so unatafuta rodi yenye imepindwa kama Z ama unainua mahali inafungwa kwa tairi. Usiipashe moto uipinde nyumbani tafadhali. Pia mbele usizungushe ekseli sana ukifuata propela, utapoteza kasta, ile pembe inafanya steringi ijirudishe katikati, na gari itakuwa inatangatanga highway. Sisi tulifanyia Sierra ya brathe, ni hiyo hiyo Samurai kwa jina lingine, welder wa kando ya barabara akachoma juu ya rangi, ikakaa miezi mitatu. Kikalio kimoja kilibanduka kama sticker tukipanda mlima, kwa bahati tulikuwa gia ya low na tulikuwa tunatambaa tu. Yubolti za kushika springi kwa ekseli pia nunua mpya.

fundi_wa_uani:
Nimepima jioni hii. Transfa digrii 2, difu digrii 13 😳 Nukta nimeshazikata, jirani kaja kulalamikia kelele nikamwonyesha propela akabaki kukaa na yeye anashika tochi. Asante Mzee, na Nakuru pia. Moja la mwisho, ekseli ya nyuma nikiiacha ining'inie, paipu ya mpira ya breki inakaza kama kamba ya nguo. Nishushe kile kibano cha kwenye chesisi kiasi, si itatosha?

Mzee wa Grainda:
Pima ekseli ikiwa imening'inia mpaka mwisho, upande mmoja mmoja. Kibano kikishuka na mpira ukabaki umelegea, sawa. Ukiwa bado unavutika nunua ndefu, na shokapu nazo ndefu, maana za zamani ndizo zitakazokuwa zinaning'iniza ekseli yote.

tope_la_masika:
Jirani ana mkonga?